Haikuwa Flash ya Miziki

Baba Séphora,

Fufu iko mu sahani ya kufunika, sombe mu sufuria ndogo. Séphora akitoka ku masomo, akule mbele ya kucheza. Manguo iko inje. Mvua ikitaka kunyesha, uyaingize weye mwenyewe.

Miye naenda Beni kufwata kale kafunguo ka USB kenye ulichomoa asubuhi ku kompyuta yangu, ukamupa ndugu yako Lusenge asikilize miziki mu gari. Nimemuita ku telefone: ameisha fika Mavivi, ku uwanja wa ndege wa Beni, anangojea batu ba avion, na anasema hatarudia mbele ya siku ya Mungu, Jumapili.

Ile kitu haina wimbo ata moja. Ni ya kuingia mu serveur, ile mashine kubwa ya kazi kule Kinshasa. Ninaichomeka, taa yake ndogo inawaka, ninagusa na kidole, njo serveur inajua kama ni miye, hapana mwizi. Bila ile, ata mot de passe yangu, lile neno la siri, haina maana. Leo kazi imelala.

Nilipolia ulisema: «Si tutanunua ingine ku soko?» Tena ukacheka, na Lusenge alikuwa ameisha kwenda nayo. Ile ya soko, serveur haiijue.

~~Nitabakia kwa dada yangu.~~ Nitarudia kesho. Funguo ya mulango iko hapa, ni ya Séphora. Ile nayo usiazimishe mutu.

Serveur iko mbali vile, lakini kila asubuhi inauliza kama niko. Weye tunalala kitanda moja, na haujaniuliza ata siku moja kazi yangu ni gani.

Mama Séphora