Miguu Ndani ya Gamba

Mpendwa kaka,

Jumamosi tulimzika baba, na nimeona ni mimi ninayepaswa kukuambia.

Likizo yako ya mwisho ya chuo kikuu, trekta za miwa zilipita Shianda mchana kutwa. Baba alikuwa ameng'oa hata mahindi ya nyuma ya jikoni apande miwa. Wewe ukaja na mkebe wa wanyama wa baharini waliolowekwa kwenye dawa. Mama akaziba pua. "Hiyo haiingii kwangu!" Ukaweka meza kando ya zizi.

Hapo ulinipa kiumbe kidogo kilichogandamana na jiwe, gamba lake gumu, ukaniuliza ndugu zake ni nani. Nikasema konokono. Ulicheka, ukafungua gamba kwa sindano. Ndani mlikuwa na miguu myembamba yenye viungo.

"Konokono ana miguu hii? Huyu ni wa ukoo wa kaa. Usiangalie nyumba, angalia mwili."

Ukanieleza kwamba zamani sana kiumbe huyo na kaa walikuwa na mzazi mmoja, wakaachana polepole, kila kizazi kikibadilika kidogo.

Baba akafika kutoka shambani, panga mkononi. "Na hawa wanakulwanga?"

"Hapana, baba, hawaliwi."

"Kiwandani wanatafuta kijana wa kupima sukari. Wewe unaangalia miguu ya wadudu."

Ulifunika mkebe, na asubuhi ukaondoka bila kuagana naye.

Wenzako walitueleza kwamba maji yalijaa ukiwa bado umeinama kwenye miamba ya pwani, unatafuta wengine. Baba alisafiri peke yake kwenda kukuchukua. Alirudi na jeneza, na mkebe wako ameupakata. Mama aliupokea, akauingiza nyumbani kwake.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka, baba aliniita. "Nionyeshe vile alikuwa anakuonyesha."

Nilifungua gamba. Aliinama, akaigusa ile miguu kwa ncha ya kidole.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Si ningemuuliza tu."

Akatoka akaingia kwenye miwa. Nilimsikia akilia huko, baba yetu ambaye sikuwahi kuona chozi lake.

Sasa nafundisha biolojia, shule ya wasichana karibu na Iguhu. Kuna siku mwanafunzi anauliza swali zuri, nami natamani kukuandikia, halafu nakumbuka.

Wiki zake za mwisho hospitalini, baba alikuwa amechanganyikiwa. Kila kijana aliyeingia wodini, awe daktari au mfagiaji, alimwita kwa jina lako. "Mwanangu, kaa hapa. Niambie kazi yako." Daktari mmoja alinitazama, nikatikisa kichwa kumwomba asimsahihishe. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kumweleza. Baba alimshika mkono, akamsikiliza mpaka mwisho.

Pumzika, kaka. Amekuja kwako.

Dada yako mdogo