Nafasi Niliyomwachia Ibrahimu

Kwa dada yangu Mwanahawa, Mtunda.

Shikamoo dada. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Nambie hali ya mama: lile goti bado linamsumbua akipanda dungu kulinda shamba? Na mpunga mmeuwahi, au nguruwe wamewatangulia? Barua yako niliipata zamani. Sikujibu kwa kuwa sikuwa na neno. Leo pia silioni, ila nitaandika hivyo hivyo.

Uliniuliza masomo ya urubani yanakwendaje tangu serikali inilete huku Uingereza. Hapa mwanafunzi hupewa hiari ya kuchagua mwalimu na ndege ya kujifunzia. Mwalimu mmoja ni mzee, mpole, aliwahi kurusha ndege vitani. Anafundishia ndege kuukuu ya mbao na kitambaa, isiyo na paa. Mwingine ni kijana, mkali, usukani hauachii, lakini ndege yake mpya, ya bati, imefunikwa kioo. Nilimchagua mzee. Kiingereza chake nilikielewa, na nikikosea alisema tu, "Rudia, hatuna haraka."

Ikaja baridi. Dada, kule juu vidole vinakufa mpaka hujui umeshika nini. Nikaomba kuhamia kwa yule kijana. Nafasi yangu akaichukua Ibrahimu, Mwislamu mwenzangu wa Sieraleoni, niliyekaa naye chumba kimoja. Akanicheka.

"Kwetu nako joto, Salumu. Mimi nitavaa makoti mawili."

Siku ya nne injini ilizimika ndiyo kwanza wanapaa. Mzee alivunjika miguu yote miwili. Ibrahimu alifia palepale. Tulimwosha watu watatu, mimi na mabaharia wawili wa Kisomali walioitwa kutoka bandarini. Mimi ndiye niliyemimina maji. Sikulia. Mpaka leo sijalia. Nakula, nalala, naamka.

Nilikwenda kumtazama mzee hospitali. Nikamuuliza, "Alikosea nini?"

"Hakukosea. Injini tu. Hata ungekuwa wewe, ingekuwa vilevile."

Nadhani alitaka kunifariji.

Mkuu wa shule akaniita. "Unaweza kurudi kwenu, hakuna atakayekulaumu. Ukibaki, chagua tena."

Nikamwambia nabaki, na nataka ndege kuukuu, pacha wa ile iliyoanguka. Yule mwalimu kijana akakubali kunifundisha humo.

"Kwa nini hiyo?" akaniuliza.

"Sijui, bwana."

Siku hizi hafoki tena. Juzi tulipotua akafungua mkanda wake, akashuka. "Nenda peke yako." Nikapaa, nikauzunguka uwanja mara moja, nikatua salama. Hiyo ndiyo siku inayosubiriwa na kila mwanafunzi. Walikuja kunipa mkono, nami nikawapa. Hofu sikuiona, furaha nayo sikuiona.

Mama mwambie nimerusha ndege peke yangu, atafurahi. Habari ya Ibrahimu usimwambie. Nisalimie shemeji, naye apunguze kukata mikoko peke yake. Mjomba wa Nyamwage mpe salamu, na shangazi aliyeko Dimani mwambie sweta lake nalivaa.

Jambo moja nakuomba. Nenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mkamsomee Ibrahimu hitima. Atakuuliza ni Ibrahimu bin nani. Mwambie silijui jina la baba yake. Miezi sita tulilala chumba kimoja, sikumuuliza.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Salumu