Neno Nililomtafsiria Sulaiti

Jumatatu, 8 Septemba 1975

Nimemdhulumu mtoto wa dada yangu. Naandika hivyo kwanza, kabla mkono haujatafuta visingizio. Anaitwa Sulaiti. Ana miaka ishirini na saba. Hii karakana ya masanduku hapa Katwe, yenye jina langu juu ya mlango, ilikuwa iwe yake.

Leo mfungo wa pili. Nimefungua saa mbili kama siku zote. Sulaiti alikuwa amefika zamani, amekaa kizingitini ananisubiri. Tumekata bati za masanduku manne ya shule. Yaani yeye amekata. Mimi nimekaa mezani kama bwana mkubwa. Bati zimebaki sita, na mtu wa magendo anataka bei ya wazimu. Adhuhuri tukafunga mlango tukasali. Yeye nyuma yangu. Kila siku anasali nyuma yangu, na leo ndiyo imeniuma. Sijui kwa nini leo.

Sijawahi kuandika mambo yangu. Ila kumwambia mtu siwezi.

Jumatano, 10 Septemba

Niandike ilivyokuwa.

Mhindi mwenye karakana aliondoka na wenzake wote ule mwaka waliofukuzwa nchini. Sulaiti alikuwa amemfanyia kazi miaka mitano. Alijua kukunja bati, kulehemu kona, kufunga bawaba, kupaka rangi. Mhindi alimwachia nyundo zake na kumwambia awe mwangalifu.

Halafu wakaja wale wa kugawa maduka yaliyoachwa. Wanajeshi na karani mmoja, mlango kwa mlango. Wanauliza maneno mawili, wanaandika jina, wanahamia mlango wa pili. Kila kitu kwa Kiswahili. Na Sulaiti Kiswahili hakukijua. Baba yake alikuwa Muganda wa Bwaise, alikikataza nyumbani. Alisema ni lugha ya askari na wezi. Sisi kwetu tumezaliwa nacho, babu yangu alikuja na misafara ya pwani akabaki. Kwa hiyo Sulaiti alinifuata asubuhi na mapema. Kojja, akasema, ndivyo wanavyomwita mjomba, Kojja njoo unisemee. Nilienda kwa ajili ya mdomo wangu tu.

Afande akanyoosha mkono kwenye mashine, akauliza nani anaijua hii kazi. Sulaiti alielewa mkono, si maneno. Akajibu kwa Kiganda: "Nze nkola wano." Maana yake, mimi nafanya kazi hapa.

"Anasema nini?" afande akaniuliza.

"Anasema yeye ni mfanyakazi wangu, afande."

Karani akaandika jina langu. Wakaenda.

Miaka mitatu najiambia ulimi uliteleza. Haukuteleza. Nilikuwa nimeshaiangalia ile mashine ya kukunja, na vyumba viwili vya nyuma vyenye sakafu ya simenti. Nikamwambia Sulaiti kwamba hawawapi vijana, wanataka mtu mzima mwenye familia. Akaamini. Jioni yake alileta jogoo nyumbani kunishukuru, kwa sababu angalau duka limebaki kwenye ukoo.

Tulimla.

Ijumaa, 12 Septemba

Msikitini baada ya swala, wazee wenzangu wamekaa barazani wakiwasema vijana. Wavivu. Hawaoi. Wanataka vya haraka. Mmoja akasema sisi tulijituma, ndiyo maana tuna paa. Nikaitikia kwa kichwa. Nimeitikia maneno hayo mara ngapi.

Njiani nikafikiri. Mimi nikiwa na miaka ya Sulaiti nilikuwa dereva wa serikali. Kiwanja cha Kibuli nilikinunua kwa akiba ya miezi minane. Simenti ilikuwa dukani. Misumari ilikuwa dukani. Unaingia, unalipa, unabeba. Hakuna mtu aliyeniuliza namjua nani.

Sulaiti anafanya kazi kuliko mimi nilivyofanya. Nimemwona. Mimi saa kumi nilikuwa nimeegesha lori. Na kwa huu mshahara ninaompa, kiwanja kama kile ataweka akiba mpaka meno yamtoke. Simenti yenyewe haipo, mpaka umjue mwanajeshi.

Basi tulijituma nini? Tulifika mapema tu. Na tulipofika tukafunga mlango.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua kubwa jana kutwa. Leo nimekwenda Bwaise kumwona Sulaiti, na sukari kidogo ya futari. Sijafika kwake tangu mwaka jana.

Maji yameingia mpaka magotini, yameacha mstari ukutani. Si mstari mmoja. Iko mingi, mmoja juu ya mwingine. Kitanda kimeinuliwa juu ya matofali. Sanduku lake, alilolitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya bati, limening'inizwa kwa kamba kwenye boriti ya paa. Humo ndimo ameweka nguo za arusi. Fundi masanduku, na lake linakaa hewani kama popo.

Hadija alikuwepo, mchumba wake, na mama jirani, wanachota maji kwa beseni. Hadija anafagia wodi kule Mulago, leo ni siku yake ya mapumziko. Aliponiona akapiga magoti kunisalimia, kwa desturi ya Kiganda, palepale kwenye tope. Sikuwahi kumzuia.

Yule mama jirani hakupiga magoti. Aliangalia viatu vyangu.

"Karibu mzee mafuta mingi," akasema. "Umekuja kuogelea?"

Ndivyo wanavyotuita sisi tuliopewa maduka. Wote wakacheka, hata Sulaiti. Mimi pia nikacheka.

Baba yake Hadija ameiahirisha nikaha mara ya tatu. Hataki mali nyingi. Anataka chumba kikavu. Amesema binti yake hatazaa kwenye dimbwi.

Vyumba vyangu vya nyuma ni vikavu. Kimoja nimeweka matairi. Kingine hakina kitu.

Jumatano, 17 Septemba

Kazi kidogo. Sukari imepotea tena mjini. Nimemwambia Sulaiti avute subira. Neno limetoka lenyewe, kwa mazoea. Akaniangalia, halafu akarudi kwenye bati yake.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeambiwa leo. Nilikuwa nimekaa mezani, akaja akasimama, mikono nyuma, kama mtu anayeomba ruhusa ya mazishi.

Anaacha kazi. Rafiki yake ana lori. Wanapeleka kahawa mpakani, upande wa Busia, kwa njia za porini. Wanaondoka Jumanne, tarehe 30. Safari mbili tatu, anasema, atapata ya nyumba, ataoa, hatarudia tena. Aliyasema taratibu, kama mtu aliyeyasema peke yake mara nyingi.

Kila mtu anajua yanayotokea njia ile. Askari hawaulizi. Mwezi uliopita kijana wa mtaa wa pili amerudishwa ndani ya turubai, na mama yake amekatazwa kulia kwa sauti. Sulaiti alikuwepo mazishini. Alishika jembe.

Nilimwambia atauawa. Akasema hapa pia anakufa, ila polepole.

Sikufuturu vizuri. Zuhura, mke wangu, anadhani ni tumbo.

Jumatatu, 22 Septemba

Niandike yote, nisiruke.

Asubuhi nimemwambia nitamwongezea mshahara. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema Kojja, hizo pesa hata ukiziongeza mara mbili zinanunua nini. Kweli. Nikamwambia basi akae chumba cha nyuma, kile kitupu, yeye na Hadija. Nilidhani atafurahi. Aliweka nyundo chini.

Akaongea Kiswahili. Huwa tunaongea Kiganda. Kiswahili amekiokota hapahapa dukani, kwa askari wanaonunua masanduku, na ulimi wake bado wa Bwaise, herufi zinageuka.

"Kojja, siku ire afande alipotuuliza. Uliposema 'wangu'. Nirifikiri unaitika."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Kwa Kiganda ukiitwa unaitika "wange". Mtoto akiitwa na mama yake, wange. Mtu mzima kwa mkubwa, wange ssebo, yaani naam bwana. Siku ile maneno yangu yalimpita yote kama maji, akashika moja tu, lile "wangu", akadhani ni lilelile kwa Kiswahili. Akadhani mjomba wake anamwitikia afande kwa adabu, kwa niaba yake. Alisimama pale akijivunia heshima yangu.

Mwaka wa pili ndipo alipojua. Askari mmoja alikuja na mwenzake, akamgusa huyo mwenzake begani akasema, huyu askari wangu, sanduku lile langu. Sulaiti akalisikia neno, akajua maana yake ni mali ya mtu. Akalipaka rangi sanduku la yule mtu mpaka likaisha, halafu akaenda nyuma kukaa.

Kwa hiyo amejua. Zaidi ya mwaka amejua, akanisubiri kizingitini, akasali nyuma yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema kwa nani, Kojja? Na kwa Kiswahiri gani?"

Hakupandisha sauti. Chumba hataki. Amesema hawezi kumweka mkewe kwenye nyumba yake mwenyewe kama mgeni wa mtu. Halafu akachukua nyundo akamaliza kona iliyobaki, kwa sababu mteja alikuwa anakuja saa tisa.

Mimi ni mwizi. Si mafuta mingi. Mwizi.

Jumanne, 23 Septemba

Amekuja kazini. Amesema anamalizia masanduku ya watu. Adhuhuri nimemwambia atangulie yeye, mimi nisali nyuma. Akakataa. Kila mtu akasali peke yake, mmoja huku, mmoja kule.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemwambia Zuhura kila kitu. Tulikuwa tunachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

Nikamwambia nataka kwenda kwenye ofisi yao ya kugawa maduka, niseme niliwadanganya, karatasi iandikwe upya. Njia nyingine haipo. Nikimwandikia Sulaiti karatasi yangu mimi, siku yoyote mkubwa mmoja ataona jina la mlangoni si la kwenye faili, watamtupa nje.

Hapo ndipo alipoacha mchele. Akanikumbusha fundi saa wa mlango wa tatu. Alikwenda kuuliza habari za karatasi yake mwezi wa tano. Mpaka leo hajarudi, na mkewe anapeleka chakula kwenye kila kituo cha polisi, anarudi nacho.

"Na wewe wakikuchukua, mimi nitakula huo ukweli wako?"

Ninaogopa. Niandike hivyo pia. Usiku nalala nikihesabu sababu za kunyamaza, na zote ni nzuri. Nina miaka hamsini na moja. Nina ugonjwa wa sukari. Nina mke. Lakini Sulaiti pia ana mambo yake, na Jumanne anapanda lile lori kwa sababu yangu.

Baadaye Zuhura akauliza: yule jogoo Sulaiti aliyemleta siku ile, alikuwa wa shukrani? Nikasema ndiyo.

"Nilimpika mimi," akasema. Akaingia ndani.

Jumamosi, 27 Septemba

Leo kumetulia. Hakuna mteja hata mmoja. Zuhura amenipigia pasi kanzu bila kuambiwa, ameitundika mlangoni.

Nimemwomba Sulaiti akae chini, mimi nikabaki nimesimama. Nikamwambia kwa Kiganda, ili asipotewe na neno. Nikasema nilikula haki yake kwa makusudi, wala afande hakusema lolote kuhusu vijana. Nikasema nitakwenda kule ofisini, nitakwenda peke yangu, yeye asionekane, ili kama kuna hasira inishukie mimi. Sikumwomba anisamehe. Hilo litakuwa mzigo mwingine juu yake. Nilimwomba kitu kimoja, amwambie mwenye lori asimhesabu mpaka Jumatatu jioni.

Akaniuliza kama yule karani bado ni yuleyule. Nikasema ni yuleyule, nilimwona jana. Akatingisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akauliza sanduku la mwalimu lipakwe buluu au nyeusi. Nikasema yeye ndiye aamue. Amepaka buluu.

Mchana nimeyatoa matairi chumbani, nimefagia. Nimeandika kwenye karatasi maneno ya kusema, mistari mitatu, nimeisoma mpaka imekaa mdomoni. Fundi ni Sulaiti. Alikuwa hapa kabla yangu. Mimi nilidanganya.

Jumatatu, tarehe 29, saa tatu asubuhi, nitakuwa mbele ya meza ya yule karani, na ile karatasi ya duka mkononi, kulifuta jina langu na kuandikisha lake.