Kicheko Kibandani

Mjukuu wangu Hodan,

Assalaam aleikum. Huku Eldas sote wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha, na ngamia wa mama yako amezaa.

Unauliza kwa nini niliondoka ghafla siku ile ya likizo, ulipotuwekea filamu ya majambazi na karamu zao.

Nilipokuwa kijana, abti yangu, ndugu wa mama, alitoka malishoni nikampeleka kibanda cha video mjini Wajir. Hakuwa amewahi kuona filamu. Kwenye filamu watu wakamwagiana pombe, mmoja akapigwa risasi, wenzake wakamruka maiti wakaendelea kucheza. Abti akaruka wima.

"Zimeni! Mtu amekufa! Nani anamzika?"

Kwetu, hata msafiri akikuta maiti asiyemjua, safari husimama mpaka azikwe. Lakini kibanda kizima kikaangua kicheko. Nikamvuta kikoi, nikamnong'oneza kwamba yule anaigiza tu.

Akawatazama watu. "Sawa, yeye anaigiza. Na hawa wanaocheka, wanaigiza pia?"

Hodan, siku ile maiti wa filamu yako aliporukwa sebuleni kwetu, niliyemsikia akicheka ni wewe.

Babu yako, anayekupenda na ambaye bado ameshtuka.