Mahari ya Mukunde

Biryogo, Kigali
7 Juni 1992

Baba mdogo Shami,

Assalamu alaykum. Afya yako huko Kigoma? Sisi wazima, ila mdogo wangu Mukunde halali kwa kulia.

Mimi sirudi nyuma. Nililosema mbele ya wageni siku ya posa ndilo hilohilo: mahari ya Mukunde umeila wewe. Cherehani ya mahari aliyoletewa na mchumba wake Hirwa haimo tena chumbani mwako hapa Biryogo. Na Théoneste, seremala wako wa Kicukiro, kaniambia kwa kinywa chake: "Mzee Shami amekamata mahari ya Mukunde." Hapo kuna la kuuliza? Rudisha mali ya mtoto, kisha uje umwozeshe. Baba yetu hayupo, walii ni wewe.

Mwanao,
Raihana


Kigoma
28 Juni 1992

Mwanangu Raihana,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Mwambie Mukunde asilie.

Ulipiga kelele, watu wakaacha pilau wakaniangalia mimi. Nikaona nikifungua mdomo nitakutukana, ndiyo maana niliondoka. Sasa nenda Kicukiro. Théoneste usimwulize kitu, mwambie akuonyeshe hiyo "mahari". Ukikuta umekosea, radhi ya karatasi siitaki. Umenivua nguo hadharani, nivike hapohapo.

Baba yako mdogo,
Shami


Biryogo, Kigali
2 Agosti 1992

Baba mdogo wangu,

Assalamu alaykum, na leo naongeza shikamoo. Magoti je?

Nimekwenda. Théoneste kanipeleka mpaka kibanda kipya kando ya soko. Mlangoni jina la Mukunde, ndani cherehani yake imefunikwa kitenge. "Mahari ndiyo hii, mama. Mahari ya kufanyia kazi!"

Lo! Mahali! Mimi ninayejisifia Kiswahili mtaa mzima, nimesahau jinsi watu wetu wanavyochanganya r na l. Nikacheka, nikalia, nikamgombeza Théoneste, nikamwomba radhi.

Ijumaa baada ya swala nikawaita walewale, uani palepale, nikapika pilau. Nikasimama: "Nilisema Shami amekula mahari. Si kweli. Amemtafutia Mukunde mahali. Nimekosea mimi, na atakayelirudia lile neno atakutana na mimi." Mama yake Hirwa akadakia, "Si uliapa wewe?" Nikamjibu, "Niliapa kwa nilichosikia. Leo nasema nilichokiona." Kisha Théoneste akasimama akalitamka neno lake, uwanja mzima ukaangua kicheko. Niliona aibu, baba, lakini nililala usingizi mzuri.

Karatasi uliikataa, ila nisamehe hata hivyo. Mukunde amesema haolewi mpaka umwozeshe wewe.

Mwanao,
Raihana


Kigoma
19 Agosti 1992

Raihana mwanangu,

Wa alaykum salaam. Maneno yako yamefika kabla ya barua. Dereva wa lori ametusimulia sokoni huku kashika mbavu, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilikusamehe siku hiyohiyo.

Magoti yamepona. Jumatatu naanza safari. Nitandikieni mkeka, Théoneste akae kulia kwangu, na kando ya Hirwa mniwekee mahari.

Walii wenu,
Baba mdogo Shami