Mashada Tuliyoivisha Ndege Yako

Mpendwa mjukuu wangu Nyambura,

Nani alikufundisha kusema uongo? Si mimi. Mimi nilikulea hapa Gilgil tangu mama yako aende kutafuta kazi Olkaria, na siku ile ulilamba sukari ukakana, nilikupiga mpaka ukakubali. Sasa wewe ni mtu mzima, unaendesha ndege, watu wanakuita kapteni, halafu unasimama mbele ya kamati ya maonyesho ya ndege unawaambia ati ni wewe ulituita tuvuke kamba. Hukutuita. Ulikuwa umeinama chini ya bawa unaangalia gurudumu. Uliinua kichwa ukatukuta tumeshafika.

Nimejua haya kwa Mzee Kiprono, huyo rafiki yako wa Njoro mwenye ndege ya kunyunyizia ngano dawa. Alikuja hapa nyumbani, nikamwekea chai, akawa anazungusha kikombe tu kama mtu ameleta habari ya msiba. Akaniambia, "Mama, Nyambura alibeba lawama yote. Amesema aliwaita yeye. Sasa kamati inasema sisi wa ndege ndogo hatuna nidhamu, tunaachilia watu wetu wanaingia hovyo. Mwaka ujao haturuki. Tukikuja, tuegeshe nyuma ya mahema."

Nikamwuliza, "Na yeye amesemaje?"

"Amesema sawa. Na kikao kijacho amesema haendi."

Ndipo nikaelewa kwa nini hushiki simu yangu. Unafikiri ukinyamaza unanilinda. Haya, nyamaza basi nikuambie mimi.

Unakumbuka tulipokuwa tunaenda kupalilia viazi upande wa Mau Narok? Ulikuwa hujaanza hata shule. Shamba la pili yake lilikuwa ngano mpaka macho yachoke. Ile ndege ya kunyunyiza dawa ikatokea nyuma ya miti, chini kabisa, mimi nikaanguka kifudifudi kwenye viazi, nikashika mguu wako nikuvute. Ukajinasua. Ukasimama hapo mdomo wazi, gauni linapepea, na ilipogeuka kule mwisho ukaniambia, "Shosho, kuna mtu ndani. Ameniona." Nikakuambia funga mdomo, hiyo ni dawa. Hukufunga. Ulikohoa ukaniudhi, na katikati ya kukohoa unaniuliza huyo mtu anaingilia wapi, anakojoa wapi, mama yake anajua.

Hayo maswali sikuyajibu. Sikuwa na majibu, na niliona aibu kusema sina.

Ukakua, ukasoma, ukapata shule ya kuendesha ndege, kanisa likachanga, na mimi nikauza ng'ombe wangu mwekundu. Siku ya kufuzu tulikuja akina mama wote wa kanisa tumevaa leso za aina moja, tukakuvisha yale mashada ya kumetameta mpaka ukabaki macho tu. Ulikuwa unasema, "Wacheni, shosho, inatosha, watu wanaangalia." Na sisi tunazidi. Maana hivyo ndivyo huwa. Mtoto anayesherehekewa lazima akatae kidogo, na mama zake lazima wamshinde. Asiyekataa tunasema ana kiburi. Ulikataa vizuri siku hiyo, nikajivunia.

Na ile siku ulinipeleka kuona ndege yako, ukaniambia nipande tuzunguke juu ya ziwa. Niliizunguka mimi kwa miguu, nikafungua mlango, nikaufunga. Nikakuambia siwezi kupanda kitu ambacho mlango wake unafungwa kama wa gari la Probox, tena Probox ya mtu mwingine. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi. Mimi sikuwa nafanya mzaha, Nyambura. Ilikuwa inaniaibisha. Nilikuwa nimeuza ng'ombe, na moyoni nilikuwa naona ndege ile nyingine, ndefu, yenye madirisha mengi, na wewe mbele umevaa kofia. Hiki ulichonionyesha ningeweza kukisukuma mwenyewe.

Ndiyo maana ulipokuja kunieleza habari ya maonyesho nilikusikiliza nusu. Ulikaa hapa jikoni unanimenyea njegere, huku unaongea kwa furaha. Ukasema miaka yote ndege ndogo huwa zinawekwa kule mwisho karibu na vyoo, watu wanazipita wakienda haja, hakuna anayesimama. Angani ni jeti za jeshi na ndege kubwa za abiria. Ukasema umezunguka ofisi kwa ofisi, umeambiwa kuja kesho mpaka viatu vikaisha, na mwishowe mmepewa nafasi yenu ya kuruka, kati ya wale wa kushuka na miavuli na jeti. Mzee Kiprono anyunyize maji kwenye nyasi vile ananyunyiza ngano. Wewe utue kwenye kipande kifupi vile unatua Baragoi ukiwa umebeba daktari.

"Nataka watu waone kuna mtu ndani, shosho," ukaniambia. "Na huyo mtu anaweza kuwa mtoto wao."

Nikasema vizuri. Nilikuwa nafikiria nitavaa nini.

Jumapili nikatangazia akina mama kwamba mjukuu wangu ataruka kwa maonyesho. Mama Kamande akauliza, "Ile kubwa ya kwenda ng'ambo?" Sikusema ndiyo. Nilirekebisha kitambaa changu cha kichwa, nikaangalia mbele. Wewe unanijua. Hiyo kwangu ni kusema ndiyo.

Basi tukaja na gari la kukodi, tunaimba kutoka Gilgil mpaka Nakuru, na mfuko mzima wa mashada miguuni mwangu. Tulipofika kwa kamba ya kuzuia watu nikaona jina lako kwenye kibao, na nyuma ya kibao hicho kindege chako. Kando yake, mbali kidogo, jeti zilikuwa zimesimama zinang'aa, na watu wote wamegeukia huko.

Mama Kamande akasema, "Sasa Nyambura yuko wapi?"

Nikasema, "Huyo hapo, chini ya bawa."

"Bawa la hii?" Akaiangalia kutoka mbele mpaka mkia, na haikuchukua muda. "Hii si ni ya watoto kuchezea?"

Wakacheka, si kwa ubaya. Lakini uso wangu uliwaka. Hapo ndipo nilipoharibika akili. Niliona kama ni ndogo basi tuipambe, iwe na rangi, hao watu wa jeti wageuze shingo. Nikaenda kwa kamba. Yule kijana mlinzi wa koti la kijani akaniambia kwa heshima, "Mathe, hapa hapapitwi." Nikamwambia, "Huyu nimembeba kwa mgongo huu, ana jina langu, na wewe unanizuia na kamba ya kuanikia nguo?" Akaangalia huku na huku akitafuta mkubwa wake. Mimi sikungoja. Nikainua kamba kwa mkono wangu, nikawaambia akina mama, piteni.

Wewe ukatoka chini ya bawa. "Shosho, msiguse. Tafadhali, shosho, hapana."

Nikawaambia, "Mnaona, anaona haya." Tukazidi. Ulikuwa unakataa kwa kweli, na sisi tulisikia ile ya siku ya kufuzu. Nilifunga leso yangu kwenye ile panga ya mbele inayozunguka, nikaikaza kwa mafundo mawili. Mama Kamande akaona kijiti kimetokeza chini ya bawa, akasema hapa wametuwekea msumari, akaning'iniza shada lake hapo, akalisokomeza lisianguke. Kumbe hicho kijiti kina tundu, na hilo tundu ndilo linaambia ndege inaenda kasi gani. Mzee Kiprono ndiye amenieleza siku ile ya chai, kwa upole, kama anaongea na mtoto. Aliniambia rubani asiyejua kasi yake anaweza kuanguka akidhani yuko sawa. Nilitoka nje kwanza nikasimama kwa banda la kuku.

Halafu ule upepo wa Nakuru ukaja na vumbi lake. Mashada yale nilinunua ya bei rahisi, yakaanza kunyonyoka. Vipande vikaruka vinametameta kwenye lami, vinaenda upande wa jeti. Mtu mwenye redio akapiga kelele. Yule wa kutangaza kwa maiki akasema watu wawe na subira, kuna takataka kwenye njia, jeti zikivuta kitu kama hicho zinaharibika. Nikakuona wewe na Mzee Kiprono na wenzenu wa ndege ndogo, mmejipanga mstari, mmeinama, mnaokota. Wewe na shati lako jeupe ulilopiga pasi. Watu wote wa Nakuru wanaangalia.

Na sisi tunapiga vigelegele, mjukuu wangu. Mama Kamande anasema, "Ona vile anaokota, hataki hata moja ipotee." Mimi nilipiga kuliko wote.

Mlipomaliza kuokota, nafasi yenu ilikuwa imeisha. Jeti haziwezi kungoja, akasema wa maiki, na ndege ndogo hazitaruka leo. Zile jeti zikapita, zikatupasua masikio, zikaenda zao. Watu wakapiga makofi. Hakuna mtu mmoja pale ambaye jeti imewahi kumletea daktari. Wewe ulikuwa umekaa kwenye gurudumu la ndege yako, unafungua fundo langu. Lilikataa. Nakujua, hukukata leso yangu, ulifungua kwa kucha mpaka mwisho.

Halafu ukatufuata mpaka kwa gari. Ukasalimia akina mama wote kwa mkono, mmoja mmoja, ukasema, "Asanteni sana kwa kuja, mmechoka na safari." Ukanipa leso yangu imekunjwa. Laiti ungenigombeza mbele yao. Ningejua la kufanya, ningekugombeza pia, tungemaliza. Hiyo adabu yako ndiyo inanila.

Kwa gari Mama Kamande akasema, "Lakini hakuruka." Na mimi, mtu mzima, mshirika wa kanisa, nikamjibu, "Hao wa jeti ndio wamemfungia njia. Wana wivu." Wote wakasikitika, wakaanza kulaani jeshi. Nikawaacha walaani.

Kwa hivyo nimekaa na hilo swali nililoanza nalo, nani alikufundisha, na jibu lake silipendi. Mtoto anayelelewa na mtu anayerekebisha kitambaa badala ya kusema ukweli, atajifunza nini? Ila wewe umedanganya kwa kunifunika mimi, na mimi nilidanganya kwa kujifunika mwenyewe. Hatulingani, ingawa jina ni moja.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani baada ya matangazo. Niliwaambia ni mimi niliinua kamba, na tulichokiita heshima kiliwanyima watu kazi yao. Mama Kamande akaniambia, "Si ungetuambia tu ni ndogo. Tungeipenda hivyo hivyo." Sijapata neno la kunipiga vile tangu nizaliwe. Alikuwa ananihurumia. Mimi, kuhurumiwa na Mama Kamande.

Siombi unihurumie na wewe. Nasikia aibu, na ni yangu, nitaenda nayo. Lakini hiyo nafasi si yangu na si yako peke yako ukaigawe kwa adabu. Ni ya Mzee Kiprono, ambaye alipaka ndege yake rangi upya kwa ajili ya siku hiyo. Ni ya wale wote wanaobeba damu na chanjo na wagonjwa na hawajulikani, wanaegeshwa kwa vyoo. Ni ya mtoto fulani angesimama pale kwa kamba aone kuna mtu ndani. Wewe umeitoa ili mwanamke mmoja wa Gilgil asitajwe vibaya kwa kikao. Ulipewa ruhusa na nani?

Sasa sikia. Mzee Kiprono amesema kikao kingine ni Jumatano na bado hawajaandika uamuzi. Utaenda. Vaa shati jeupe, lipige pasi. Wakifika kwa maneno ya kamba, simama useme hivi: aliyeinua kamba ni shosho wangu, Nyambura wa Gilgil, alikatazwa na mlinzi akapita kwa nguvu, mimi sikumwita na nilimwambia asiguse. Usiseme "mama fulani." Usiseme "alikuwa na nia nzuri." Taja jina lote. Wakitaka kuniona nitakuja, wakitaka kunipiga marufuku wanipige. Ukishamaliza hayo usikae chini. Itisha nafasi yenu ya kuruka, ile ile, kati ya wale wa miavuli na jeti, na usitoke kwa hicho chumba mpaka wakupatie.

Mungu akubebe huko juu, mama. Mimi niko hapa, sijambo ila moyo.

Ni mimi shosho wako.

Simu unipigie Jumatano jioni ukitoka. Na ushike zangu.