Mate ya Wifi Kwenye Kichupa Changu

Shosti, leo nimejua aibu ni nini. Sijui nitamtazamaje mama.

Si unajua hospitali walituomba mate wasome vinasaba vyetu, wajue kama saratani ya mama ni ya kurithi na nani kati yetu yuko hatarini? Mimi niliogopa jibu. Nikamwomba wifi, mke wa kaka, ateme kwenye kichupa changu.

Nilidhani mate ni mate tu.

Leo daktari katuita mimi na mama. Akafunga mlango, akamwuliza mama kwa upole kabisa, "Huyu binti ulimzaa au ulimlea?"

Ulimzaa au ulimlea, shosti. Mama na ugonjwa wake akainuka kitini. "Nimemzaa mwenyewe, kwa uchungu wa siku mbili."

Daktari akasema vipimo havioneshi undugu wowote. Mama akaanza kulia, anauliza kama walimbadilishia mtoto wodini. Baada ya miaka thelathini na moja.

Ikabidi niseme. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakunigombeza. Aliomba kichupa kipya, akakifungua, akanishikia mdomoni kama alivyokuwa akininywesha dawa utotoni.

"Tema, mwanangu. Hata mimi naogopa."